Video, mtaa au mradi: njia tatu za kujifundisha kuchora kidijitali ukiwa Dar es Salaam

Mtu aliyekwisha kununua kalamu ya kuchorea Kariakoo na kupakua programu yake hukutana na swali ambalo muuzaji hawezi kumjibu: kesho aanze na nini? Akae mbele ya masomo ya video ayafuate moja baada ya jingine, atoke akachore anachokiona kwa macho yake, au aianze mara moja ile kazi anayoiwazia kila usiku, iwe hadithi ya watoto, katuni au michoro ya khanga? Nimezipita njia zote tatu kwa nyakati tofauti, nikiishi Sinza na kushinda kwenye kazi ya kuajiriwa, na kila moja ilinipa kitu ambacho nyingine mbili hazikunipa. Nimeziweka hapa sambamba kwa ajili ya msomaji asiye na chuo cha kwenda wala fedha ya kumlipa mwalimu, lakini mwenye nia ya kweli na saa chache kwa wiki.

Kinachozitenganisha njia hizi zaidi ya yote ni nani anayekupa swali. Katika masomo ya video, swali huletwa na mwalimu: chora mchemraba, upake kivuli, sasa uzungushe. Mtaani, swali huletwa na kitu kilicho mbele yako, nacho hakikusubiri uwe tayari. Katika mradi, swali unajiuliza wewe mwenyewe, na huwezi kulikwepa kwa sababu ukurasa wa tano hauchoreki kabla hujaamua mhusika wako anafananaje akiwa amegeuka mgongo. Ukishajua ni swali la aina gani linalokuamsha asubuhi, nusu ya uamuzi wako umeshafanyika.

Vigezo nilivyotumia

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni gharama, yaani fedha, bando, umeme na muda kwa pamoja, kwa kuwa kwa mkazi wa jiji hili vitu hivi hubadilishana: asiye na bando hulipa kwa muda, na asiye na muda hulipa kwa bando. Cha pili ni kile ambacho mkono na jicho hujifunza. Cha tatu ni masahihisho, yaani nani atakuambia kwamba umekosea, na hicho ndicho kitu ambacho anayejifundisha peke yake hukikosa kuliko vyote. Cha nne ni mahali ambapo watu huiachia njia hiyo, maana njia bora iliyoachwa baada ya wiki tatu haitakufaidia kama njia ya kawaida uliyodumu nayo mwaka mzima.

Neno fupi kuhusu vifaa, kwa sababu najua litaulizwa. Mwenye simu pekee anaweza kuanza na ibisPaint, ambayo hutolewa bure pamoja na matangazo, ina leya, yaani tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine, na huhifadhi video ya hatua zako za kuchora. Upungufu wake ni kwamba kidole au kalamu ya ncha ya mpira haihisi mgandamizo, hivyo mstari hauwi mnene wala mwembamba kwa kubonyeza. Mwenye kompyuta anaweza kuongeza tableti ya kuchorea isiyo na skrini, kutoka Wacom ya Japani au Huion na XP-Pen za China, akatumia Krita, programu huria isiyolipiwa inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Wiki za mwanzo zitamchosha, kwa kuwa mkono huchora mezani huku macho yakitazama kwenye skrini, lakini ugeni huo huisha. Mwenye uwezo zaidi ana iPad na Apple Pencil pamoja na Procreate, programu iliyotoka mwaka 2011, hununuliwa mara moja bila ada ya kila mwezi, au ana tableti ya Samsung inayokuja na S Pen ndani ya boksi lake. Njia zote tatu zinapitika kwa kifaa chochote kati ya hivi. Tableti isiyo na skrini pekee ndiyo isiyoweza kwenda mtaani, na mwenye nayo atahitaji daftari.

Gharama

Masomo mengi mazuri ya video hayana ada. Ctrl+Paint ni mkusanyiko wa video fupi za Matt Kohr kuhusu misingi ya uchoraji wa kidijitali. Proko ya Stan Prokopenko inafundisha mwili wa binadamu. Drawabox inafundisha mstari na maumbo kwa mazoezi ya kalamu na karatasi, na maelezo yake yameandikwa pia, kwa hiyo unaweza kuyasoma bila kufungua video hata moja. Yote hayo yako kwa Kiingereza, na asiyekimudu vizuri atalipa kwa kutazama kipande kimoja mara tatu. Gharama yenyewe iko kwenye bando: saa moja ya video yenye ubora wa 1080p inaweza kumeza zaidi ya gigabaiti moja, ilhali masomo ya kuchora kwa sehemu kubwa yanaeleweka kwa 480p, isipokuwa mwalimu anapoonyesha vitufe vidogo vya programu. Ukipata mahali penye waifai, pakua masomo ya wiki nzima, kwani video iliyomo ndani ya simu hukufaa hata umeme unapokatika, nawe ukachora kwenye karatasi huku kompyuta imezimwa.

Mtaa hauna ada, hauna bando, na kwa siku nyingi hauna hata nauli ya ziada, kwa sababu unaweza kuchora ukiwa safarini. Muda ninaoutumia mimi ni ule ambao ungepotea: foleni ya Ubungo, kituo cha Mwenge jioni, safari ya pantoni kwenda Kigamboni. Gharama zake ni za aina nyingine. Skrini ya simu haionekani vizuri juani, betri huisha upesi ukiongeza mwanga, na tableti ya bei kubwa si kitu cha kukaa nacho wazi katikati ya Kariakoo. Ndiyo maana wengi tunaochora nje hubeba daftari na kalamu ya wino, kisha jioni huupiga picha mchoro, tukauweka kwenye leya ya chini na kuumalizia kidijitali juu yake.

Mradi ni rahisi mwanzoni na ghali mwishoni. Kuanza hakuhitaji chochote zaidi ya kifaa ulichonacho, lakini uchapaji hulipiwa, na muda unaohitajika ni mrefu kuliko unavyodhani. Vitabu vingi vya picha vya watoto huwa na kurasa 32, idadi inayotokana na jinsi karatasi kubwa inavyokunjwa kiwandani. Ukichora kurasa 2 kwa wiki bila kukosa hata wiki moja, hiyo ni miezi minne. Mwenye familia na ajira aikadirie miezi minane.

Kile ambacho mkono na jicho hujifunza

Masomo ya video yana nguvu kubwa katika mambo mawili. La kwanza ni programu yenyewe: namna leya zinavyopangwa, namna ya kufunga sehemu isiyopakwa ili rangi isivuke mpaka, namna ya kuweka kivuli kwenye leya yake ili ukikosea usiharibu rangi ya chini. Mambo haya unaweza kuyagundua mwenyewe kwa miezi, au ukaonyeshwa kwa dakika kumi, na sioni faida ya kuteseka pale ambapo dakika kumi zinatosha. La pili ni mpangilio. Mwalimu mzuri anajua kwamba mchemraba hutangulia nyumba na kwamba duara hutangulia kichwa, na hukupitisha humo hata siku ambayo hutaki.

Wapo wanaoona aibu kufuata mkono wa mtu mwingine, wakidhani kwamba kuiga kunaua ubunifu. Jiji hili lina ushahidi tofauti. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, hakupita chuo cha sanaa, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa ndugu na jamaa waliokaa kando yake wakitazama na kufuata. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo ule uliendelea kwa sababu waliouiga kwa makini waliupanua, kila mmoja kwa wanyama wake na rangi zake, na chama chao cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1990 kipo Oysterbay mpaka leo. Ukienda pale ukawatazama wanavyoanza na rangi ya nyuma, wakaisubiri ikauke ndipo wapande juu yake, utakuwa unaangalia mpangilio wa leya bila kompyuta.

Kinachokosekana kwenye video ni mahali tunapoishi, na hapo ndipo mtaa unapoingia. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika nusu ya kwanza ya Oktoba, hupita utosini kabisa. Matokeo yake kwa mchoraji ni makubwa. Kivuli cha mtu aliyesimama kituoni saa sita mchana hulala chini ya miguu yake; macho huzama gizani chini ya paji la uso; pua hutupa kivuli kwenye mdomo wa juu; na mwanga unaogonga mchanga mweupe au sakafu ya saruji hurudi juu ukaangaza kidevu kutoka chini. Masomo mengi humulika uso kwa taa iliyowekwa juu pembeni, na ukilichukua somo hilo ukalihamishia kwenye picha ya soko la mchana, msomaji wa hapa atahisi kwamba kuna kitu hakiko sawa hata asipoweza kukitaja.

Ngozi ni somo jingine ambalo mtaa hulifundisha kwa ukarimu. Masomo mengi huanza na ngozi nyeupe, ambayo hutawanya mwanga kwa ulaini, kisha huigeuza kuwa nyeusi kwa kuongeza kahawia, na picha hutoka imefifia kama iliyofunikwa vumbi. Ngozi nyeusi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga, kwa hiyo mng'ao unaobaki juu yake huonekana kwa nguvu zaidi, na mng'ao huo hubeba rangi ya kilichoutuma: samawati ya anga kwenye paji na mabega, kijani chini ya mwembe, rangi ya chungwa kando ya jiko la mkaa. Mtu akikaa kwenye kibaraza akawatazama wacheza bao kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka giza linapoingia, ataona rangi hizo zikibadilika usoni kwa watu wale wale, na hakuna kisanduku cha rangi kilichotengenezwa na mtu mwingine kitakachompa kitu hicho.

Mtaa pia hufundisha kasi na uchaguzi. Konda anayening'inia mlangoni hakai zaidi ya sekunde chache, kwa hiyo unajifunza kuchukua kwanza mstari wa mgongo, kisha uzito wa mwili uko mguu gani, na kuuacha uso. Kwa vitu visivyosogea kuna mahali pengi pa kukaa kwa utulivu: Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali hukufundisha namna paa la nyasi linavyokutana na ukuta, wachongaji wa Mwenge, ambao sanamu zao za mpingo ni darasa la umbo lililoviringika, na kanisa la Azania Front kwa mtu anayetaka kujua namna kuta na madirisha yanavyopungua ukubwa kadiri yanavyokwenda mbali.

Mradi hufundisha mambo ambayo mchoro mmoja hauyadai. La kwanza ni kufanana: mtoto uliyemchora ukurasa wa kwanza lazima atambulike ukurasa wa kumi, akiwa amelala, akikimbia, akiwa mbali. Ndipo unapolazimika kumchora kwanza kutoka mbele, ubavuni na nyuma, na kuandika rangi za nguo zake. La pili ni kupanga jicho la msomaji, yaani aangalie wapi kwanza na wapi baadaye. Anayechora khanga hukutana na jambo hilo kwa namna yake, kwani khanga ina pindo, mji na jina, na pindo lisipokutana vizuri kwenye pembe, hata mji uwe mzuri kiasi gani, macho yatakwenda kwenye kona ile iliyovunjika.

La tatu ni ufundi wa kazi inayotoka mikononi mwako. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa kitabu cha kurasa 16 kwa ajili ya wapwa zangu. Nilikichora kwenye turubai za pikseli (nukta ndogo zinazounda picha ya skrini) 1080 kwa 1080, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuchora picha za mtandaoni. Uchapaji mzuri huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi, na kwa kipimo hicho kurasa zangu zilikuwa na upana wa sentimita 9 tu. Karatasi ya A4 inataka pikseli 2480 kwa 3508. Zilipokuzwa zikawa na ukungu, na bahari niliyoipaka samawati kali ikatoka imepoa, kwa sababu skrini huzaa rangi kwa mwanga na mtambo wa uchapaji huzaa rangi kwa wino, na zipo rangi za mwanga ambazo wino hauwezi kuzifikia. Niliumia sana, kisha nikazichora upya kurasa zote kumi na sita. Katika video nilizokuwa nimezitazama kwa mwaka mzima, jambo hilo lilikuwa limetajwa zaidi ya mara moja, nami sikulisikia kwa sababu lilikuwa bado si swali langu.

Masahihisho

Kwenye masomo ya video mwalimu hakuoni, lakini unaweza kujisahihisha kwa kutumia kazi yake. Maliza zoezi bila kutazama, kisha piga picha ya skrini ya mchoro wake, uweke juu ya wako kwenye leya iliyopunguzwa uzito ili wako uonekane chini yake, na utaona mstari gani umehama. Zoezi jingine ni kuugeuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo. Katika Krita herufi M hufanya hivyo papo hapo, na uso uliodhani umenyooka utauona umelalia upande mmoja.

Mtaani, kitu chenyewe ndicho kipimo, nacho bado kipo hapo ukirudi kesho. Watu nao husema. Asubuhi moja kwenye soko la samaki la Feri niliomba ruhusa kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki, nikamwamkia, akaniitikia na kuendelea na kazi. Nilipomwonyesha mchoro akautazama kwa muda, akasema: “Mwanangu, mbona umenisimamisha wima hivi? Mafuta yanaruka. Ukikaanga unarudisha uso nyuma, mkono ndio unaotangulia.” Nilimtazama tena, na kweli mwili wake wote ulikuwa umerudi nyuma kuikwepa karai, uzito ukiwa kwenye visigino. Nilikuwa nimemchora mtu aliyesimama, na sikuwa nimeichora kazi yake. Sijapata sahihisho lenye thamani kama lile kutoka kwenye skrini yoyote. Kuomba ruhusa ni sehemu ya njia hii, na maeneo ya ulinzi, kama Ikulu iliyo jirani na soko lile, si ya kuelekezea kamera.

Kwenye mradi, msahihishaji ni msomaji. Mpe mtoto wa jirani kurasa zako bila kumweleza chochote, umwombe akusimulie kinachotokea. Pale anaposita, mchoro wako haujasema. Kwa jicho la wenye kazi, Nafasi Art Space iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni hukutanisha wasanii na huonyesha kazi zao, na kuzungumza na mtu aliyekwisha kupita unapopita hukuondolea miezi ya kubahatisha. Mradi ndio unaonufaika zaidi na mikutano kama hiyo, kwa sababu una kitu kizima cha kuweka mezani.

Mahali watu wanapoiachia njia

Anayefuata video huiachia njia bila kujua kwamba ameiacha. Anaendelea kutazama, anahifadhi orodha, anajua majina ya brashi, lakini mkono wake haujagusa kalamu tangu Jumapili. Drawabox ina kanuni inayoweka kinga hapo: nusu ya muda wako wote wa kuchora iwe kwa michoro unayoipenda mwenyewe, isiyo zoezi la mtu yeyote. Kwa wanaopenda video, kanuni hiyo naichukulia kama sharti la kuendelea.

Anayechora mtaani huacha kwa haya. Watu humzunguka, watoto hutaka kuchorwa, mzee mmoja huuliza anafanyia nani kazi. Joto la Januari nalo halina huruma. Wenye haya waanzie dirishani au ndani ya mwendokasi, ambako kila mtu anatazama simu yake. Upungufu mwingine ni wa ndani zaidi: baada ya miezi sita unaweza kuwa na madaftari matatu ya michoro ya haraka na usiwe na picha hata moja iliyokamilika.

Anayeanza na mradi huachia ukurasa wa nne, mara nyingi kwa sababu mkono wake umekua. Ukurasa wa kwanza unaonekana mbaya ukilinganishwa na wa nne, anarudi kuuchora upya, na kitabu hakisogei tena. Tiba yake ni udogo: katuni ya visanduku vinne, hadithi ya kurasa nane, khanga moja. Na kuwe na sharti kwamba hakuna ukurasa unaochorwa upya kabla wa mwisho haujakamilika.

Chagua kwa hali yako

Ikiwa hujawahi kushika kalamu ya kidijitali na vitufe vya programu vinakutisha, anza na video, lakini ziwekee kikomo. Wiki nne za masomo ya programu moja tu, dakika ishirini za kutazama kwa kila dakika arobaini za kuchora, zinatosha kukuondoa woga.

Ikiwa una simu tu na bando la kubana, mtaa ndio shule yako. Daftari mchana, ibisPaint usiku. Pakua somo moja fupi kila unapopata waifai, ulichague kwa kufuata kilichokushinda wiki hiyo: kama mikono ya abiria imekushinda, tafuta somo la mikono.

Ikiwa tayari unachora kwa brashi au unaandika mabango na unataka kuhamia kwenye kompyuta, usirudishwe darasa la kwanza. Jicho lako limeshafunzwa na kinachokosekana ni chombo. Chukua kazi moja uliyokwisha kuifanya kwa rangi, uifanye upya kidijitali kama mradi, na utazame video pale tu unapokwama kwenye programu.

Ikiwa michoro yako ni safi lakini nyuso zote zinafanana na za kwenye masomo uliyoyafuata, weka video kando kwa mwezi na uende kituoni. Ikiwa hali yako ni kinyume chake, yaani mistari ina uhai lakini hujui namna ya kuimalizia kwa rangi, mwezi mmoja wa masomo ya mwanga na rangi utakusaidia kuliko daftari la nne.

Ikiwa unataka kazi za kulipwa ndani ya mwaka, mradi hauepukiki, kwa kuwa mteja huomba kuona kazi iliyokamilika. Fanya miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, mmoja wa kuchapwa na mmoja wa kwenye skrini, ili ujue pikseli na rangi zinavyotenda kila upande. Michoro uliyoiga kutoka kwenye masomo usiiweke humo kama yako: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwalimu yule kama itakavyokulinda wewe.

Ikiwa ni mwanafunzi mwenye likizo ndefu mbele yake, unaweza kuzipita zote tatu kwa zamu: wiki mbili za masomo, wiki mbili za mtaani, na mwezi wa hadithi ya kurasa nane inayotokea mtaani kwenu, kwa watu uliokwisha kuwachora.

Na ikiwa una nusu saa tu, usiku, watoto wakishalala, usichague njia inayohitaji kupashwa moto kwa dakika kumi na tano kila mara. Video itakula nusu saa yote. Mradi mdogo ulioachwa wazi kwenye kompyuta, ukurasa ukiwa pale pale ulipoishia jana, ndio unaoanza mara tu unapokaa. Na kabla hujazima, andika pembeni mwa turubai neno moja la kitakachofuata, mkono wa bibi, paa, kivuli cha ndoo, ili kesho swali likukute tayari limekaa mezani.